Shajara ya mradi wa fizikia, Moshi: nyuzijoto tatu zilizopotea

Jumatatu, 3 Februari 2025

Shajara hii naianza kwa sababu ya swali nililolijibu vibaya. Wiki iliyopita, katika somo la nishati ya joto kwa Kidato cha Tatu, msichana mmoja wa meza ya nyuma alisoma kipimajoto kilichokuwa ndani ya maji yanayochemka, kisha akaniuliza kwa nini daftarini tunaandika 100 ilhali kipimajoto kinasoma 97. Nilimwambia aandike 100 kwa kuwa ndivyo mtihani unavyotaka. Ili kuumaliza ubishi, nilichukua kipimajoto changu cha siku zote kutoka meza ya mbele, nikakitumbukiza katika bika ileile, nacho kikasoma 100. Darasa likaridhika, naye akafuta 97 yake kwa ufutio.

Nimefundisha fizikia kwa miaka kumi na mmoja, na mara nyingi nimeandika ubaoni kwamba kiwango cha mchemko hushuka kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo kila eneo, inaposhuka. Hata hivyo, sikuwahi kuhusisha sentensi hiyo na shule yenyewe, iliyo takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima ambao wanafunzi wanauona dirishani kila asubuhi isiyo na mawingu. Kwa mwinuko wa namna hii maji huchemka karibu na nyuzijoto 97. Msichana yule alikuwa amesoma sawasawa, na mimi niliyesomea jambo hilo chuoni ndiye niliyemfutisha.

Jioni nilimkumbuka Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, aliweka mchanganyiko wa maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri upoe, akaona umeganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shuleni Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne, badala ya kucheka, alirudi na kulifanyia majaribio. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969, wakati Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu tu ya mji wetu. Najua kwamba mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio ya aina hiyo na hawakupata ushahidi wa kuwaridhisha, na mjadala haujafungwa. Kinachonigusa zaidi ni yule mwalimu wa kwanza. Katika masimulizi hayo kila mara nilikuwa nikijiweka upande wa Osborne, na safari hii nimejikuta upande wa pili.

Mradi, basi, ni huu: wanafunzi wa darasa hili watapima wenyewe kiwango cha mchemko cha maji katika miinuko mbalimbali ya wilaya zetu, nami sambamba na wao nitajichunguza jinsi ninavyouliza na jinsi ninavyosikiliza majibu. Nimeupeleka kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule yetu, ambayo tunaiendesha chini ya utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nakiri kwamba hadi sasa vikao vyetu vimekuwa zaidi vya kujaza fomu na kugawana ratiba ya zamu.

Ijumaa, 14 Februari

Mwalimu wa Kemia alikaa nyuma ya darasa langu kwa kipindi kizima cha dakika 40, akiwa na karatasi na saa. Nami niliacha simu yangu ikirekodi sauti juu ya meza. Tulikubaliana asiandike sifa wala lawama, bali ahesabu tu.

Alihesabu maswali 41 niliyouliza. Kati ya hayo, 33 yalijibika kwa neno moja, na kadhaa niliyajibu mwenyewe kabla mkono wowote haujainuka. Niliposikiliza rekodi usiku, nilisikia sauti yangu ikiuliza, ikijibu, ikasema "tumeelewana?", na darasa zima likaitikia "ndiyo mwalimu" kwa pamoja, kama kwaya. Mara nyingi hata sekunde moja haikupita kati ya swali langu na maneno yangu yaliyofuata.

Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aliyapima haya katika miaka ya 1970. Alikuta walimu wa sayansi husubiri takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, sababu zikaongezeka, na waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Kwa darasa letu kuna mzigo mwingine unaodai muda. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi huwaza kwa Kiswahili, au kwa Kichaga kwanza, halafu atafute maneno ya kigeni, halafu ndipo aamue kama ana ujasiri wa kuyasema mbele ya wenzake arobaini na saba. Sekunde moja haitoshi hata hatua ya kwanza.

Nimeamua mambo mawili. Nitahesabu hadi tano kimoyomoyo baada ya kila swali lenye uzito, na majadiliano ya vikundi yatafanyika kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Leo nilipotaja neno "kanieneo", wengi walicheka, na mmoja akasema linasikika kama jina la kijiji cha Rombo. Dakika kumi baadaye walikuwa wakibishana kuhusu kanieneo ya hewa bila kicheko.

Jumatatu, 24 Februari

Siku hii nitaiandika kwa kirefu.

Kabla ya kupeleka vifaa nje ya shule, niliona tuvilinganishe vipimajoto vyetu sita kwanza. Vyote ni vya spiriti yenye rangi nyekundu, na hata cha karibuni zaidi kina umri unaozidi muda ambao wanafunzi hawa wamekaa hapa shuleni. Tulinunua barafu kwa muuza juisi wa karibu na stendi, tukaiponda, tukaichanganya na maji kidogo, tukatumbukiza vyote sita kwa pamoja. Barafu inayoyeyuka haijali sana mwinuko. Inapaswa kusomeka 0 hapa Moshi kama inavyosomeka Tanga. Viwili vilisoma 0. Kimoja kilisoma nusu, kimoja 1, kimoja kikashuka hadi hasi 1, na cha sita kikasoma 3.

Kisha tukavihamishia kwenye maji yanayochemka, tukiviacha vipate joto taratibu ili kioo kisipasuke. Viwili vilivyosoma 0 kwenye barafu vilisoma 97. Cha nusu kilisoma 97 na nusu, cha 1 kikasoma 98, cha hasi 1 kikasoma 96. Cha sita kilisoma 100.

Cha sita kilikuwa kile changu.

Nilinyamaza, na safari hii sikuwa nahesabu hadi tano; sikuwa na la kusema. Mvulana aliyekuwa karibu alikiinua kwenye mwanga, akasema, "Mwalimu, uzi wake umekatika." Kweli, ndani ya kile kitundu chembamba safu nyekundu ilikuwa imetengana, na kati ya vipande viwili palikuwa na pengo dogo la urefu wa alama tatu. Kipande cha juu kilikuwa kimesukumwa kwa nyuzijoto tatu zisizokuwepo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikitumia kipimajoto hicho mbele ya darasa kwa kuwa ndicho "kizuri", ndicho kinachotoa jibu la kitabu. Sikukichagua kwa hila. Nilikichagua kwa sababu kilikubaliana nami, na sikuwahi kukitazama kwenye mwanga.

Tulikitibu kwa barafu iliyochanganywa na chumvi. Mchanganyiko huo hushuka chini sana ya sifuri, hivyo spiriti ilijikunja yote hadi kwenye tungi la chini, vipande vikaungana, na kilipopata joto tena kilisoma 97 kama wenzake. Darasa lilipiga makofi, nadhani zaidi kwa ajili ya kipimajoto kuliko kwa ajili yangu. Nilimwita yule msichana wa meza ya nyuma, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwambia aiandike tena 97 aliyoifuta. Aliiandika kwa kalamu ya wino.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitaraji kwamba baada ya Jumatatu ile hoja ya mwinuko ingepokewa mara moja, lakini kikundi kimoja kilikuja na maelezo yake: maji ya bomba hayakuwa safi, ndiyo maana yalichemka mapema. Ningekuwa yule wa mwezi uliopita ningewasahihisha kwa sentensi moja. Niliwauliza wangetaka kuona nini ili dai lao lishinde, kisha nikasubiri.

Walisema wanataka maji safi kabisa na maji machafu makusudi. Kwa maji safi tulitumia maji ya betri, ambayo ndiyo maji yaliyokenekwa ya kila maabara isiyo na mtambo wake. Yalichemka kwa 97. Katika nusu lita ya maji ya bomba waliongeza vijiko viwili vya chakula vya chumvi, na kipimajoto kikapanda kwa takribani nyuzijoto moja badala ya kushuka. Dai lao lilianguka kwa mikono yao wenyewe, wakalifuta na kuandika pembeni sababu ya kulifuta. Ukurasa huo ni mzuri kuliko muhtasari wowote niliowahi kuwaandikia ubaoni kuhusu athari ya vitu vilivyoyeyuka katika maji.

Jumapili, 23 Machi

Jana vikundi vilitoka, kila kimoja na mtu mzima mmoja. Kilichokwenda maeneo ya mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC, kusini mwa mji na karibu mita 700, kilipata wastani wa 97.7 kwa vipimo vitatu. Cha Kibosho, karibu mita 1,400, kilipata 95.3. Mimi niliongozana na kile cha Marangu, tukapima kwenye mgahawa mmoja njiani kuelekea lango la hifadhi, karibu mita 1,850, tukapata 93.8.

Kule Kibosho, bibi wa mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini wanapoteza mkaa kuchemsha maji bila kutia majani ya chai. Walimaliza vipimo, wakatia majani, wakanywa naye. Nimekubali kuliingiza hilo katika utaratibu wa mradi.

Mwinuko tuliupata kwa simu, na simu mbili zilizowekwa juu ya meza moja zilitofautiana kwa mita 40. Wanafunzi walitaka kuvunjika moyo, lakini mmoja alipiga hesabu kwamba mita 40 ni sawa na takribani sehemu ya kumi ya nyuzijoto moja, na vipimajoto vyetu havionyeshi chini ya nusu. Kwa hiyo kosa la simu linajificha ndani ya kosa la kipimajoto. Hesabu hiyo haimo katika mpango wangu wa somo.

Kikundi cha Uru bado hakijaleta vipimo kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Vipimo vya Uru vililetwa Ijumaa: mwinuko mita 1,200; 96, 96 na 96. Vilipoongezwa kwenye grafu viliangukia juu ya mstari bila kuyumba. Nilifurahi sana, hadi nilipochukua boksi la kipimajoto ili nikirudishe kabatini na kukuta karatasi ya gundi niliyobandika mwenyewe kabla hawajaondoka ikiwa bado haijafunguliwa.

Nilikasirika. Niliwaita wale wanne, na nilikuwa nimeshaandaa maneno makali kuhusu uaminifu. Walikiri upesi, wakaeleza kwamba mvua ilinyesha Jumamosi mbili mfululizo, jiko lilikuwa nje, na kwa kuwa walikuwa na mstari wa grafu walijua tayari jibu litakuwa ngapi. Mmoja wao, kwa heshima zote, akasema, "Tuliona ndilo jibu linalotakiwa, mwalimu."

Maneno yangu makali yalikwama hapo. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyewafundisha watoto kuandika jibu linalotakiwa badala ya lililosomwa, tena nikiwa na kipimajoto kibovu mkononi. Hilo halikuwaondolea kosa lao, nami sikulifumbia macho: tuliifuta ile nukta mbele ya darasa zima, wao wenyewe wakieleza kwa nini, na watapima upya. Lakini adhabu niliyokuwa nimeikusudia sikuitoa. Mwenzangu wa Kemia anaona nimekuwa mpole kupita kiasi, na tumelibishania hilo chumba cha walimu bila mwafaka.

Nyongeza ya tarehe 28 Aprili: Uru wamepima kweli, chini ya mwavuli. Wamepata 96.5, 96 na 95.5. Wastani ni uleule waliobuni, ila sasa nukta ina upana.

Jumatano, 30 Aprili

Msimu wa mvua wageni wa mlimani hupungua, na hivyo baba wa mwanafunzi wetu mmoja, ambaye ni mgumu wa miaka mingi katika njia ya Marangu, yuko nyumbani. Wasomaji wasio wa huku wajue kwamba wagumu ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Tulimwalika darasani. Wanafunzi walisimama wakamwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kukaa kwenye kiti kilichowekwa mbele na kuchagua benchi miongoni mwao.

Nilikuwa nimeandaa maswali sita. Niliuliza moja tu: vyakula vya kule juu vinapikwaje? Akaeleza kwamba chai ya kambi ya Kibo huchemka upesi lakini "haina moto", mtu huweza kuinywa ikitoka jikoni bila kuungua sana. Maharage hakuna anayethubutu kuyapika makavu kule; hupandishwa yakiwa yameshaiva nyumbani, vinginevyo gesi itaisha na maharage yabaki kokoto. Wali nao hutaka muda na mfuniko mzito.

Mkono ukainuka. "Baba, kama yanachemka, kwa nini hayaivi?" Yeye alinitazama mimi, nami nikalitazama darasa. Nilifika nne katika hesabu yangu mvulana wa Kibosho aliposema kwamba kuchemka si kiasi cha joto, ni ugomvi kati ya mvuke unaotaka kutoka na hewa inayoukandamiza, na kule juu hewa ni dhaifu, kwa hiyo mvuke unashinda mapema kabla maji hayajawa ya moto wa kuivisha. Mwingine akaongeza kwamba ndiyo maana sufuria ya presha huivisha haraka: inafanya kinyume cha mlima. Mgeni wetu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba amebeba mizigo miaka yote hiyo bila kuambiwa sababu.

Kwa mstari wa grafu yao, ambao hushuka nyuzijoto moja kwa takribani kila mita 300, wanafunzi wamebashiri 91 kwa kambi ya Mandara iliyo karibu mita 2,700, kati ya 87 na 88 kwa Horombo ya mita 3,700, 84 kwa Kibo ya mita 4,700, na 80 kwa kilele cha Uhuru, mita 5,895. Baba amekubali kubeba kipimajoto kimoja msimu utakapofunguka. Tumekiweka ndani ya kipande cha bomba la plastiki chenye pamba pande zote mbili.

Ijumaa, 16 Mei

Niliwasilisha mradi mbele ya Jumuiya ya Ujifunzaji. Swali la kwanza la wenzangu lilikuwa la haki: mtihani wa taifa ukiuliza kiwango cha mchemko cha maji, watoto hawa wataandika nini? Wataandika 100, na wataongeza kwamba ni katika kanieneo ya kawaida ya milimita 760 za zebaki. Niliwaonyesha madaftari: kati ya wanafunzi 48, 39 waliandika sharti hilo bila kukumbushwa. Tisa hawakuandika, na wawili kati yao sasa wanaamini kwamba maji huchemka kwa 97 kila mahali, jambo ambalo ni kosa lilelile la zamani likiwa limebadilisha namba.

Mwalimu wa Kemia alirudia hesabu yake. Maswali yamepungua kutoka 41 hadi 17, na ninasubiri wastani wa sekunde nne. Alibaini pia nisichokiona: nawasubiri wasichana muda mfupi kuliko wavulana. Sikumwamini, nikasikiliza rekodi, na ni kweli. Wavulana wakisitasita nasubiri, wasichana wakisitasita nawasaidia. Kazi ya muhula ujao imepatikana.

Alhamisi, 17 Julai

Kipimajoto kimerudi kizima. Vipimo viliandikwa kwa penseli nyuma ya kipande cha boksi la biskuti: Mandara 91, Horombo 88, Kibo 85. Kileleni hakupima, kwa sababu jiko halipandi huko, na pia, alisema, mikono haikubali.

Tuliziweka nukta tatu kwenye grafu. Mandara iliangukia kwenye mstari wenyewe, Horombo juu yake kidogo, Kibo juu zaidi. Darasa lilifurahia kwamba ubashiri ulikosea kwa nyuzijoto moja tu. Msichana wa meza ya nyuma, ambaye siku hizi amehamia ya pili, hakufurahi na wenzake. Alisogea ubaoni, akaweka rula, akauliza kama ile nyuzijoto moja ni ya kipimajoto, au kama mstari wetu si mstari ulionyooka na unaanza kupinda kadiri tunavyopanda, kwa kuwa tofauti inaonekana kuongezeka na si kuruka ovyo.

Nilihesabu hadi tano, nikaendelea kuhesabu. Nilipofika tisa mvulana wa Uru aliinuka, akaenda kabatini, akatoa kile kipimajoto na kukiinua kwenye mwanga.